Kuvuta Karavani kwa Gari la Heshima

Treni iliyonileta Eldoret ilikuwa na subira kuliko abiria wake. Nilipanda Voi, daraja la tatu, nikiwa na sanduku la bati, cheti cha kidato cha nne na barua ya mjomba iliyosema kiwanda cha nguo kinatafuta vijana waliosoma. Nairobi tulibadilisha behewa. Nakuru tukangoja sana bila kuambiwa tunangoja nini, na baada ya hapo reli ikaanza kupanda. Sisi watu wa nchi ya joto hatukujua kwamba Kenya ina paa. Kufika Timboroa nilikuwa nimevaa nguo zote zilizokuwa sandukuni, na mama mmoja aliyekuwa akirudi kwake Munyaka, mtaa wa Eldoret, na kuku wake kapuni aliniangalia akasema, "Kijana, hata hawa kuku hawatetemeki hivyo."

Mjomba hakuwepo. Askari wa mlango wa kiwanda aliniambia amehamia Webuye, na kwamba vijana waliosoma walishapatikana wa kutosha, hata wengine walikuwa wanafagia. Nikageuka na sanduku langu, nikafuata barabara kwa sababu ilikuwa inateremka.

Nawaandikia haya ninyi mnaounganisha trela na karavani siku hizi. Nimeweka spana chini kabla sijafikisha umri wa miaka hamsini. Mgongo ndio uliostaafu, mimi nimeufuata tu. Nimefanya kazi hii Kitale, Nakuru, Arusha na sehemu nyingine ambazo sikukaa hata kujua jina la jirani. Lakini kila nikikumbuka kazi, nakumbuka Eldoret.

Basi ile barabara ilinipitisha mbele ya karakana. Uani kulikuwa na trela ya mkulima, mkono wake wa mbele umeinuka juu, na mzee mfupi, mpana, aliyekuwa akiizunguka huku akiitukana. Huyo alikuwa Mzee Njuguna, mwenye karakana. Alikuja kutoka Murang'a akiwa mtoto, akakulia kwenye mashamba ya wazungu akivuta mashine za kupura ngano, na sauti yake ilikuwa ya kuita ng'ombe aliye kilima cha pili.

"Wewe wa sanduku! Kuja hapa."

"Mimi?"

"Kwani kuna mwingine ako na sanduku? Kalia hii mkono ya trela. Hapo mbele kabisa. Na hiyo sanduku weka kwa magoti."

Nikakaa. Mkono ukashuka taratibu, ukatua juu ya mpira wa chuma ulio nyuma ya gari la mkulima. Mzee akapiga makofi.

"Umeona?" alimwambia mkulima. "Huyu kijana na sanduku yake ndio uzito ilikuwa inakosa hapa mbele. Sogeza mbolea yako mpaka ifanye kazi yake." Halafu akanigeukia. "Umetoka wapi?"

"Voi."

"Sawa, Voi. Kesho kuja na nguo ya kazi."

Kwa hiyo kazi yangu ya kwanza Eldoret ilikuwa kuwa mzigo. Na jina langu likawa Voi, hata kwa watu ambao hawakujua kuna mji unaoitwa hivyo.

Mzee alifundisha kwa kelele, lakini alifundisha. Alisema kila gari lina midomo miwili, wa mwenyewe na wa kibati. Kibati kimepigwa ribiti karibu na injini au mlangoni, nacho kinasema gari linaruhusiwa uzito gani likiwa limejaa, na uzito gani likiwa pamoja na kile linachovuta. Mwenyewe anasema linavuta chochote. Karavani nayo ina kibati chake, na hapo wengi hukosea kwa sababu husoma uzito wa karavani tupu. Hakuna anayevuta karavani tupu. Watu huweka sufuria, godoro, mtungi wa maji, halafu shemeji anaomba kupelekewa kabati.

Kanuni yetu ilikuwa kwamba karavani iliyokwisha kupakiwa isizidi robo tatu ya uzito wa gari linaloivuta. Vitabu vya Ulaya vilikuwa na ukarimu zaidi, lakini viliandikwa na watu waliokaa karibu na bahari. Eldoret hewa ni nyembamba, injini inavuta pumzi nusu nusu, na nguvu uliyonunua Mombasa nyingine inabaki njiani. Tena kupanda si kitu. Gari likishindwa kupanda linasimama, na watu wanacheka. Kuteremka ndiko kunakotaka hesabu, kwa sababu huko karavani ndiyo inayosukuma, na haiulizi nani mkubwa.

La mwisho ni ule uzito wa mbele, kazi niliyoifanya siku ya kwanza. Mkono wa karavani lazima ulikalie gari kwa uzito wa kiasi. Ukizidi, gari linainua pua na taa zinamulika ndege. Ukipungua, yaani ukipakia vitu vizito nyuma ya magurudumu, karavani inaanza kuyumba kushoto na kulia, na gari linafuata kama mlevi anayepelekwa nyumbani na mlevi mwenzake.

Vifaa vyetu havikuwa vingi. Uzito wa mbele tuliupima kwa mizani ya ndoano iliyotoka kwenye ghala la sufu. Uzito wote tuliupima kwa mizani kubwa ya ghala la mahindi, tukipanga foleni katikati ya malori. Karani wa pale hakuwahi kuchoka na mzaha wake. "Njuguna, mbona hii mahindi yako iko na madirisha?"

Karavani zenyewe zilibaki kwa wazungu walioondoka. Wenyeji walizigeuza maduka, ofisi za mawakili wa daraja la chini, na vyumba vya maharusi wenye haraka. Mwalimu mmoja wa Kesses alifuga kuku ndani ya yake, kisha akataka kuihamishia Kapsoya kwa pikapu ndogo. Aliapa kwamba iko tupu kabisa. Mizani ilimkana. Tulipoinua zulia la plastiki tukakuta samadi ya miaka mingi imeshikana kama saruji. "Mwalimu," Mzee alimwambia, "kuku wameenda, lakini wamekuachia shamba." Tuliichimba kwa jembe, na mwalimu akapanda sukuma wiki pale tulipoitupa. Hiyo ndiyo iliyokuwa kesi rahisi.

Kesi ngumu ilikuja na Katibu.

Lazima niwaeleze kidogo, kwa sababu wengine wenu mlikuwa mnanyonya. Ilikuwa miaka ya chama kimoja. Mtu aliweza kuamka akiwa meneja, akasikia kwenye taarifa ya habari ya mchana kwamba si meneja tena, akamaliza chakula chake kwa adabu na kwenda kufungasha. Watu walijifunza kupima maneno kabla ya kuyatoa. Ajabu ni kwamba katika nchi iliyopima maneno hivyo, hakuna aliyetaka kupima karavani.

Katibu alikuwa katibu wa Mheshimiwa wetu, yaani mbunge, naye alikuwa mtu mwembamba ambaye koti lake la suti halikuwahi kuvuliwa hata kwa jua. Aliingia uani akifuatwa na trekta iliyovuta karavani kubwa ya chuma na mbao, na nyuma yake gari dogo jeusi linalong'aa. Mheshimiwa wa upande mwingine alikuwa amejipatia ofisi ya kutembea ili kuwa karibu na wananchi. Wetu hangeweza kuachwa nyuma katika ukaribu. Alitaka karavani ivutwe na gari lake jeusi, kwa ziara ya kutoka mjini, kupitia nyanda za mashariki, hadi chini bondeni Kerio.

Dereva wa gari hilo alikuwa Barasa. Alitoka upande wa Kakamega, akaishi Munyaka na mke na watoto, nyumba ya pili kutoka kwa Mzee Njuguna. Alikuwa na kicheko kikubwa ambacho siku hiyo alikiacha nyumbani.

Tulipima. Karavani ilikuwa nzito kuliko gari. Mzee alikwenda kwa Katibu, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akipunguza sauti.

"Gari ni nzuri sana. Lakini kwa hii nyumba, ni nyepesi kidogo."

"Unasema gari ya Mheshimiwa ni nyepesi?"

"Nasema nyumba ni nzito."

"Nyumba pia ni ya Mheshimiwa."

"Basi zote mbili ni nzito sana," Mzee alisema, "ila moja imezidi ingine."

Katibu aliandika kitu kwenye hewa kwa kidole, tabia yake alipotaka mtu ajue anakumbukwa.

"Si muko na Landrova?" Mzee alijaribu tena. "Ile inaweza."

"Landrova inabeba kwaya. Ama unataka Mheshimiwa afikie watu kama daktari wa ng'ombe?"

Ikawa tunapunguza nyumba badala ya kubadilisha gari. Tulitoa vitanda, jiko, sinki, kabati, mlango wa choo na choo chenyewe. Tuliporudi kwenye mizani karavani ilikuwa ganda tu, na imeingia ndani ya robo tatu kwa unyoya. Ndani kuliruhusiwa vitu vitatu: meza, kiti cha Mheshimiwa na picha ya Rais ya ukutani. Tuliviweka mbele ili mkono ukae vizuri. Tulijaribu kwenye barabara ya Kapsoya, ikafuata gari kwa utulivu kama bibi harusi.

Barasa alibaki uani Katibu alipoondoka.

"Mzee, niambie ukweli. Ile kona ya chini, pale lori hutumbukia. Breki itashika?"

"Ikiwa tupu hivi, na gia ndogo, itashika. Wakiweka hata mbuzi, usiteremke."

"Na wakiniambia niteremke? Mimi niko na watoto. Nikikataa, kazi imeenda. Nikikubali, mimi mwenyewe nimeenda."

Mzee alifuta mikono kwa kitambaa muda mrefu. "Voi ataenda na wewe," alisema mwishowe. Mimi sikuwa nimeulizwa.

Siku ya ziara Landrova ilitangulia na kwaya na vipaza sauti. Nyuma yake gari jeusi: Barasa kwenye usukani, mimi kando yake na vigingi vya kuzuia magurudumu miguuni, Mheshimiwa na Katibu kiti cha nyuma. Mheshimiwa alikuwa mtu mnene, mpole kwa njia ya watu ambao wengine hukasirika kwa niaba yao. Alilala njia nzima.

Kosa letu, na nasema letu kwa maana ya nchi nzima, ni kwamba tulipima kila kitu isipokuwa mapenzi ya wananchi. Mgeni mkubwa haondoki mikono mitupu, na huyu alikuja na nyumba. Kwenye mkutano wa kwanza walileta gunia la viazi, kisha gunia la pili, kabichi, debe la asali, mahindi mabichi, na kondoo dume mwenye pembe. Nilipojaribu kusema, Katibu alinikata.

"Utarudishia wananchi zawadi yao? Wewe kama nani?"

"Basi tuviweke mbele, au hapa katikati."

"Mbele ya kiti cha Mheshimiwa? Kabichi chini ya picha? Wewe kijana unataka tufungwe?"

Vyote vikaenda nyuma kabisa, kwa heshima. Nilishika mkono wa karavani kabla hatujaondoka, nikauinua kwa mkono mmoja. Tulipofika sehemu iliyonyooka, karavani ilianza kuchapa kushoto na kulia. Barasa aliachia mafuta pole pole, kama nilivyomwambia, bila kugusa breki kwa nguvu, ikatulia. Jasho lilimtoka mpaka kwenye kola. Nyuma, Mheshimiwa aliamka akasema barabara inahitaji kutengenezwa.

Mkutano wa mwisho kabla ya kuteremka ulikuwa kwenye shule iliyo ukingoni mwa bonde. Kutoka uwanjani unaona barabara ikijikunja chini hadi inapotelea kwenye joto. Mheshimiwa alipokwenda kukaa chini ya hema, Barasa alimfuata Katibu.

"Bwana Katibu, mimi siteremki na hii mzigo."

"Utateremka," Katibu alisema akitabasamu kwa ajili ya watu. "Ama uende kwa kipaza sauti uwaeleze hawa wazazi kwa nini unazuia maendeleo isiteremke."

Barasa aliangalia kona ile, kisha akaniangalia mimi. Ndipo nikaona anafikiri.

"Si shule hii inafanya harambee leo?" alimuuliza Katibu kwa upole. "Mheshimiwa akitoa hizi zawadi zote kwa shule, si ataonekana mkubwa mara mbili?"

Katibu alilipenda jambo hilo kiasi kwamba baada ya dakika chache lilikuwa lake. Viazi, kabichi, asali na kondoo vikashushwa. Mheshimiwa akawapa watu viazi vyao wenyewe, wakapiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele. Nilishika mkono wa karavani, uzito umerudi. Nilitaka kumkumbatia Barasa.

Lakini watu wa kule hawapokei bila kurudisha. Mwalimu mkuu alisimama akasema wazazi wamezidiwa na wema huo, na kwamba wana chao kidogo cha kusema asante. Kutoka nyuma ya madarasa wakaleta fahali. Hakuwa mdogo. Katibu akaonyesha kwa mkono mlango wa nyuma wa karavani, na vijana wakaanza kutafuta ubao wa kumpandishia.

"Voi," Barasa alininong'oneza, "hii nyumba inachukua muda gani kusimama peke yake?"

"Miguu yake minne, kuzungusha tu. Sio muda."

"Zungusha."

Akaenda kwenye Landrova. Mbali na kuendesha, yeye ndiye aliyefunga betri za vipaza sauti, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa kumwona akishika kipaza sauti na kukipuliza.

"Wananchi, hamjambo!"

"Hatujambo!"

"Mheshimiwa amenituma. Mheshimiwa anasema, ameangalia shule hii yote, ameona mwalimu mkuu hana ofisi. Anafanyia kazi yake chini ya mti!"

Kelele zikaanza. Mimi nilikuwa magotini, nazungusha mguu wa pili.

"Mheshimiwa anasema hawezi kuteremka kwa raha na nyumba, na mwalimu wa watoto wenu hana nyumba. Anasema hii iachwe hapa! Na kiti! Na meza! Na picha!"

Sijawahi kusikia vigelegele kama vile. Wazee walirusha kofia. Mwalimu mkuu alilia waziwazi, kwa sababu mti ule ulikuwa na siafu. Mheshimiwa alisimama, akainua mkono, akatabasamu kwa meno yote, huku macho yakimtafuta Barasa katikati ya umati. Katibu alikuja mbio kwangu, lakini nilikuwa nimeshachomoa pini na kufungua kufuli, na karavani ilikuwa imesimama kwa miguu yake minne kama iliyozaliwa pale. Fahali walimfunga kwenye mkono wa mbele wa karavani.

Tuliteremka bila nyumba. Hata hivyo, kwenye ile kona ya chini, tukiwa gari tupu na watu wanne, breki zilinuka. Mheshimiwa, ambaye safari hii hakuwa amelala, alishika kiti cha mbele kwa mikono yote miwili na kuchungulia dirishani mahali ambapo barabara inaishia na hewa inaanza. Nadhani alipiga hesabu. Sijui alipata jibu gani, maana watu wake walikuwa wakimpa majibu kabla hajauliza.

Taarifa ya habari ilitangaza ukarimu huo, na baada ya hapo hakuna mamlaka duniani ambayo ingeweza kuirudisha karavani. Kilichoweza kurudishwa ni funguo za gari. Jumatatu Barasa alizikabidhi kwa Katibu, akarudi Munyaka kwa miguu.

Halafu Katibu akaja karakana.

"Nani alishusha miguu ya ile karavani?"

"Labda ilichoka," Mzee Njuguna alisema.

Katibu akaandika hewani kwa kidole. Baada ya hapo wakaguzi wa manispaa walianza kututembelea. Mara choo chetu hakikufaa, mara ua wetu ulikuwa umeingia barabarani, mara barabara ndiyo iliyotakiwa kuingia uani. Mzee aliwajibu wote kwa kelele zake zote. Lakini jioni moja alikaa kando yangu juu ya mkono wa trela, akapunguza sauti kwa mara ya pili maishani.

"Voi, wanauliza jina lako kamili. Mimi nimewaambia sijui, na ni kweli, sijui. Enda kabla sijajua."

Niseme ukweli, miguu yangu ilikuwa imeshaanza kuwasha. Mimi ni mtu wa kuondoka. Nilihitaji tu mtu wa kunifukuza kwa heshima. Mzee alinipa ile mizani ya ndoano. Nilikataa, akaitupa ndani ya sanduku langu.

Barasa alinisindikiza stesheni. Alikuwa hajapata kazi; mkewe alikuwa akiuza maharagwe sokoni, naye alibeba magunia ya watu siku walipomhitaji. Viatu vyake vya udereva vilikuwa vimeanza kufunguka mbele. Alinibebea sanduku upande mmoja, tukasimama jukwaani tukingoja treni ya kwenda Nakuru, na sikuweza kujizuia nikamuuliza kama anajuta.

Aliangalia upande wa mashariki, kule ambako nchi inakatika. Halafu kile kicheko chake kikubwa kikatoka, mpaka watu wa jukwaani wakageuka.

"Wewe Voi! Ile kona iko pale, na mimi niko hapa. Unataka nijutie gani kati ya hizo mbili?"

Treni ikafika. Akainua sanduku langu, akalisukuma dirishani, akaenda zake nyumbani kabla haijaondoka, kwa sababu watoto walikuwa wanatoka shule.